Rada Itembee Nyuma ya Wazee

 

Leo nina mashine ya kuizungumzia. Ni kisanduku ambacho mtu mmoja anaweza kukiburuta kwa kamba au kukisukuma juu ya magurudumu, huku akitazama kioo kilicho mbele yake. Wataalamu huiita rada ya ardhini. Kazi yake ni kupeleleza kilichofukiwa kabla jembe halijagusa udongo: msingi wa nyumba, handaki, shimo la taka la zamani, kaburi. Nimeichagua kwa sababu ardhi ya wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa imewameza watu wengi ambao hawajawahi kuhesabiwa, na kwa sababu makatapila ya migodi yanakuja.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Sauti yangu inakufikia sasa hivi kwa mawimbi ya redio. Rada nayo hutumia mawimbi ya redio, ila huyaelekeza chini. Stesheni za FM zinapatikana kati ya megahezi 88 na 108. Rada za kutafutia malikale mara nyingi hufanya kazi kati ya megahezi 250 na 500. Antena hutupa udongoni pigo fupi sana la mawimbi. Pigo hilo likikuta mahali ambapo ardhi inabadilika, tuseme kutoka mchanga kwenda jiwe, au kutoka udongo ambao haujawahi kuguswa kwenda udongo uliochimbwa ukarudishiwa, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Mashine hupima muda wa kwenda na kurudi. Mwangwi wa kina cha mita moja kwenye mchanga mkavu hurudi kwa nanosekunde 15 hivi, na nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Kwa muda huo mtaalamu anakadiria kina.

Kwenye kioo huoni kitu chenyewe. Unaona mistari ya kijivu iliyolaliana, na pale penye jiwe au tundu unaona upinde, mgongo juu. Mzizi mnene unatoa upinde. Bomba la maji linatoa upinde. Ndiyo maana kupita mara moja hakutoshi. Eneo hupimwa kwa kamba, mashine ikapitishwa kwenye mistari sambamba kila nusu mita au hata robo mita, kisha kompyuta inaiunganisha mistari yote na kuikata kwa ulalo, ili uone kilichopo kwenye kina cha nusu mita peke yake, halafu mita moja, halafu mita moja na nusu. Hapo ndipo maumbo hujitokeza: pembe nne za chumba, au safu ya mistatili yenye urefu wa mtu, yote imeelekea upande mmoja. Mizizi haijipangi hivyo.

Kinachoamua ni udongo. Mchanga mkavu unapitisha mawimbi vizuri. Mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kunata mvua zikinyesha, unayameza, na pengine usione hata mita moja. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, kwa hiyo miezi ya kazi hii ni kuanzia Juni mpaka Oktoba. Ndiyo miezi ambayo wakulima wetu wanasafisha chini ya mikorosho ili korosho zikidondoka zionekane. Shamba lililosafishwa namna hiyo linaifaa rada sana, maana kisanduku kinatakiwa kigusane na ardhi bila kurukaruka juu ya majani.

Najua wapo ambao mioyo imeshaanza kuwadunda kwa sababu nyingine. Mnafikiria mali ya Mjerumani. Kusini nzima hadithi hii ipo: masanduku ya rupia yaliyofukiwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alama iliyochongwa kwenye mwamba, ramani ambayo fulani ameachiwa na babu yake. Na ni kweli Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kule Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo, vita ikiwa imewabana. Lakini nawaombeni mnisikilize vizuri hapa. Rada haiijui dhahabu. Chuma chochote kinarudisha mwangwi mkali, na jembe lililovunjika linarudisha mwangwi uleule. Mtu akija kijijini kwako na kimashine akadai kinaonyesha dhahabu mita thelathini kwenda chini, na kwamba kinachotakiwa ni mchango mdogo wa kila kaya, huyo amekuja kuchukua fedha zenu za ufuta.

Hata wataalamu wakubwa wamewahi kusoma mwangwi wanaoutaka. Mwaka 2015 na 2016 dunia ilitangaziwa kwamba rada imeona vyumba vya siri nyuma ya kuta za kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale. Vipimo vikarudiwa. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Franco Porcelli, wa chuo kikuu cha ufundi cha Turin huko Italia, ikatoa majibu baada ya kupima kwa antena za aina tofauti: vyumba hivyo havipo. Kama hayo yametokea kwenye kaburi maarufu kuliko yote duniani, mbele ya kamera, basi kijijini tuwe na tahadhari maradufu. Na shimo moja la mtafuta rupia linaharibu kile ambacho rada ingekiona, kwa sababu baadaye mashine itaonyesha shimo lake yeye na si la mtu wa mwaka 1905.

Hao wa 1905 ndio ninaotaka tukae nao.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai mwaka huo kwenye milima ya Umatumbi. Muda mfupi baadaye vilikuwa vimefika kwa Wamwera, na misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zikachomwa moto. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, kuchoma maghala na kuharibu mazao shambani, wakijua wanachofanya. Njaa ikaua kuliko risasi. Wanahistoria wanaokadiria kwa chini wanataja watu 75,000. Wengine wanataja 250,000 hadi 300,000. Msikilizaji, tazama nafasi iliyopo kati ya makadirio hayo. Ndani yake wamo karibu watu laki mbili ambao hakuna anayeweza kuthibitisha kama walikufa kwa vita ile au la, kwa sababu hakuna aliyewaandika, na kwa sababu walizikwa njiani, porini, kandokando ya mito waliyokimbilia, na wengine hawakuzikwa.

Miaka kumi na miwili baadaye wakaja wengine. Oktoba 1917, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, pale Mahiwa karibu na Nyangao, kwa jirani zetu, Waingereza na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck walipigana siku nne. Upande wa Waingereza peke yake ulipata hasara ya zaidi ya watu 2,000, kwa maana ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wengi wa waliopigana walikuwa Waafrika: askari kutoka Nigeria, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na upande wa pili askari wa jeshi la Wajerumani waliotoka kila pembe ya nchi hii. Na nyuma yao walikuwa wapagazi. Kila risasi iliyopigwa Mahiwa ilifika huko ikiwa imebebwa kichwani mwa mtu. Wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa, wakaachwa pale walipoangukia.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo na makao yake Uingereza, ilichapisha ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita ile. Tume iliomba radhi. Radhi tumeisikia. Lakini radhi inahitaji mahali pa kusimama, na mahali penyewe ni huku: kwenye njia za kutoka Lindi kwenda Masasi, kwenye vichaka ambavyo leo ni mashamba ya mbaazi.

Je, rada inaweza kuwapata? Wengine ndiyo, wengine hapana, na nataka niwaeleze kwa nini.

Rada kwa kawaida haioni mifupa. Inaliona shimo. Mchimba kaburi anakata tabaka za ardhi zilizolala hivyo kwa maelfu ya miaka, na anapofukia hawezi kuzirudisha zilivyokuwa. Ule mkato unabaki. Jeneza likiwa halijaoza linaacha uwazi. Kaburi la Muislamu lenye mwanandani nalo linaacha uwazi ule wa pembeni, hadi siku ardhi itakapoporomoka. Hewa ndani ya udongo inatoa mwangwi mzuri sana. Mwelekeo wa kaburi nao ni ushahidi, ila hapa kwetu una mtego wake. Makka iko karibu kaskazini kabisa kwa mtu aliye Nachingwea, kwa hiyo maiti ya Kiislamu hulazwa mashariki-magharibi ikitazama kaskazini. Desturi ya kale ya Kikristo nayo hulaza makaburi mashariki-magharibi. Mashine haitakuambia aliyelala pale ni Saidi au ni Yohana.

Na mpagazi aliyefunikwa matawi kando ya njia, bila shimo la maana, huyo rada haitamwona. Nalisema hili kwa uchungu, maana hao ndio wengi.

Ng'ambo, huko Kanada, mwezi Mei 2021, watu wa jamii ya asili ya Kamloops walitangaza kwamba rada imeonyesha mabaki ya watoto 215 karibu na iliyokuwa shule ya bweni. Nchi nzima ilitikisika, bendera zikashushwa nusu mlingoti. Miezi miwili baadaye mtaalamu aliyefanya kazi ile alifafanua kwamba ni alama kama 200 zinazoweza kuwa makaburi, na kwamba uhakika kamili unapatikana kwa kuchimba tu. Tangu hapo pamekuwa na mabishano makali, na watu wenye nia mbaya wameitumia tofauti ile kukanusha hata vifo ambavyo kumbukumbu za shule zenyewe zinavithibitisha. Nasi tujifunze kulitumia neno kwa uangalifu tangu siku ya kwanza. Rada inatoa alama. Jamii inaamua kama ichimbwe, au ijengewe uzio na kuombewa dua, basi.

Mambo haya si mageni kwetu Tanzania. Kule Kilwa, kisiwani Songo Mnara, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza mradi mwaka 2009, na vipimo vya chini ya ardhi vikafanywa na timu ya Kate Welham. Walitegemea zaidi vipimo vya sumaku na vya sumaku-umeme, ambavyo ni ndugu wa rada. Songo Mnara ni mji wa mawe wa karne ya 14 hadi ya 16, na kwa miaka mingi wageni waliangalia magofu tu, misikiti na majumba ya matumbawe, wakaziona sehemu za wazi kuwa tupu. Vipimo na uchimbaji vilionyesha kwamba hazikuwa tupu. Palikuwa na nyumba za miti na udongo, watu wakiishi na kufanya kazi zao.

Ninyi wa huku mnaelewa uzito wa jambo hilo kuliko mtu yeyote. Babu zetu hawakujenga kwa matumbawe. Walijenga kwa fito na udongo, na kwa sababu hiyo vitabu vingi vimeipita nchi ya Wamwera kana kwamba hapakuwa na kitu kati ya Lindi na Ziwa Nyasa isipokuwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Nyumba ya udongo iliyoungua inaacha ukuta uliookwa, na vipimo vya sumaku vinauona. Jiko, tanuri la kuyeyushia chuma, vinaonekana. Sakafu iliyoshindiliwa na miguu ya miaka hamsini, rada inaweza kuipata. Ukifika na vifaa vyote viwili, kimoja kinasema pale ambapo kingine kiko kimya.

Hata ardhi iliyolimwa kwa trekta haijapoteza kila kitu. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, na mitambo ilipita juu ya nchi kubwa. Lakini plau inafika sentimita thelathini, arobaini. Kaburi liko chini ya hapo. Huko Norway, mwaka 2018, rada ilipitishwa kwenye shamba la Gjellestad lililolimwa miaka na miaka, ikaonyesha umbo la merikebu ya Waviking, mabaharia wa kale wa huko, yenye urefu wa mita 20 hivi, nusu mita tu chini ya udongo wa juu. Wakulima walikuwa wakipita juu yake vizazi kwa vizazi. Na sisi tunayo Farm 17, mahali ambapo wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walifundishwa chini ya Samora Machel. Mahandaki yaliyofukiwa ni kazi ambayo rada huifanya vizuri sana.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba malikale bila kibali, na inamtaka aliyeokota kitu cha kale atoe taarifa. Lakini mstari wake wa kinga ya moja kwa moja umechorwa mwaka 1863. Kilichotengenezwa au kujengwa kabla ya hapo kimelindwa. Cha baada ya hapo, kwa sehemu kubwa, kinasubiri Waziri akitangaze. Fikiria maana yake kwetu. Maji Maji ni 1905. Mahiwa ni 1917. Farm 17 ni miaka ya 1960. Jeraha kubwa kuliko yote la kusini liko upande usiolindwa wa mstari, isipokuwa mtu aandike barua, apeleke ushahidi, na pale mahali patangazwe. Ramani ya rada ni ushahidi wa aina hiyo.

Na haraka ipo. Ruangwa kuna kinywe, na kinywe kinatakiwa duniani kwa ajili ya betri. Nachingwea kuna nikeli ya Ntaka Hill. Siwapingi wachimbaji, vijana wetu wanahitaji ajira, na barabara tunazitaka. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini kabla ya mradi mkubwa, na kwenye mikutano ile ya kijiji, ambako wengi wetu huwa tunauliza fidia ya mikorosho peke yake, tuulize pia: je, mmepima makaburi? Kampuni zinazotafuta madini zina vifaa vya ukoo uleule, na zina watu wanaojua kuvisoma. Kupitisha rada siku chache kwenye eneo ambalo wazee wamelitaja hakutazifilisi. Na ramani ikishachorwa, nakala ibaki ofisi ya kijiji. Isiondoke yote.

Nasema isiondoke kwa sababu mkoa huu wa Lindi unajua kuondokewa. Kule Tendaguru, kuanzia 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa wa kale, zilibebwa vichwani hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin, ambako mmoja amesimamishwa akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Vitabu vinamtaja mhandisi Sattler kuwa aliiona mifupa ile mwaka 1906. Wenyeji walikuwa wanaijua. Na msimamizi aliyekuwa bingwa wa kuifukua alikuwa Boheti bin Amrani. Ni wangapi kati yetu tulifundishwa jina lake shuleni?

Dkt. Nancy Rushohora wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa Watanzania walioifanya akiolojia ya Maji Maji kuwa kazi yao, akifuatilia mahali pa vita, makaburi na namna watu wa kusini wanavyokumbuka. Kazi ya aina hiyo huanza kwa kusikiliza, na hapa ndipo ninapotaka tuanzie. Rada inapima eneo la uwanja wa mpira kwa siku moja au mbili. Nchi yetu ni kubwa. Bila mtu wa kuielekeza, itazunguka mpaka fedha ziishe. Lazima itembee nyuma ya wazee.

Mzee aliyezaliwa mwaka 1935 huenda alikaa na bibi ambaye mwaka 1905 alikuwa msichana wa kukimbia kwa miguu yake mwenyewe. Mzee huyo sasa ana miaka tisini hivi. Muulizeni. Mlikatazwa kulima wapi? Ni kichaka gani ambacho hamkuokota kuni? Njia ya zamani ilivuka mto mahali gani, kabla ya barabara? Msitu mdogo ule katikati ya mashamba, kwa nini haukukatwa? Mkishamsikiliza, nendeni naye ikiwa miguu inaruhusu, mbebeni kwa bodaboda ikiwa hairuhusu. Mkifika, fungueni simu, chukueni alama ya mahali, pigeni picha, andikeni daftarini jina la mzee, jina la mahali kwa Kimwera na maneno yake kama alivyoyasema. Msichimbe.

Nakala moja mpeni Mtendaji wa Kijiji, nyingine ipelekeni kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, akaifikishe kwa wenye dhamana ya Mambo ya Kale. Wanafunzi wa kidato cha tatu wenye simu na madaftari wanaiweza kazi hii, na walimu wa historia mnaonisikia mnaweza kuianza kipindi hiki cha kiangazi, kabla korosho hazijaanza kudondoka na kila mtu kuwa shambani.